Siku sita juu ya mashua: Amu hadi Kiwayu na kurudi

Kila anayetaka kulala juu ya mashua yangu huanza kwa kuniuliza habari za upepo. Nami humrudishia swali: leo mwezi ngapi? Wengi hunijibu Januari, au Februari. Huwaambia sivyo, nauliza mwezi wa juu, umeandama siku ngapi zilizopita. Safari inaanzia hapo, kabla ya tanga, kabla ya mchele, kabla ya kupanga nani atalala wapi.

Mimi ni mwana wa Matondoni, kijiji cha kisiwa cha Lamu. Baba alikuwa fundi wa kuunda vyombo, nami nilianza kulala baharini nikiwa na miaka 11, kazi yangu ikiwa kufua maji ngamani, chini kabisa ya chombo, na kuchochea moto. Sasa nina mashua ya futi 34, tanga moja, mabaharia wawili na mimi wa tatu, na nachukua wageni wasiozidi sita: Amu (ndiyo Lamu), Manda, Pate, Ndau, Kiwayu, kisha nyumbani. Nayaandika haya kwa yeyote anayetaka kuishi siku kadhaa juu ya chombo cha tanga katika visiwa hivi, awe na nahodha wake au awe nahodha mwenyewe.

Ukiijua tarehe ya mwezi, umeyajua maji. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ni bamvua: maji hujaa sana karibu na saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa mpaka mafungu ya mchanga yakawa nje kama saa nne asubuhi na saa nne usiku. Kila siku inayopita kujaa huchelewa kwa kiasi cha dakika 50. Kufikia tarehe saba au nane ni maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana. Kalenda ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu inatosha kukupa haya yote. Jedwali la maji lililochapishwa ni zuri zaidi, nami ninalo, lakini simu hufa na karatasi hulowa. Mwezi utauona tu.

Kwa nini nayasisitiza haya? Kwa sababu ya Mkanda. Mkanda ni mlango mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, mikoko kushoto na kulia, na ndiyo njia ya ndani ya kutoka Amu kwenda ghuba ya Manda bila kukabili bahari kuu. Hupitika maji yakiwa yamejaa tu. Mimi huingia kama saa moja kabla maji hayajasimama. Nikigusa fungu wakati yanajaa, nangoja kidogo, yananinyanyua. Nikigusa yanapopwa, nimekwisha. Basi safari yangu huianza tarehe nne au tano ya mwezi, kujaa kukiwa kama saa moja asubuhi, na nang'oa nanga mara tu baada ya sala ya alfajiri. Nikirudi tarehe tisa au kumi, Mkanda unapitika mchana.

Mwaka 2017 sikuishika kanuni hiyo. Nilikuwa na familia ya watu watano, watoto watatu. Alfajiri ile mama yao aliniambia, "Nahodha, tusubiri mahamri yaive, watoto hawajatia kitu tumboni." Nikaona haya kumkatalia. Mahamri yakachukua saa moja na nusu. Tulipofika katikati ya Mkanda maji yalikuwa yamesimama, na kabla hatujatokea upande wa pili yakageuka. Niliyaona kwenye mizizi ya mikoko: utepe wa unyevu juu ya maji, upana wa vidole viwili, mara vinne, mara kiganja kizima. Kisha mkuku, ule uti wa chini wa chombo, ukagusa. Hapakuwa na kishindo. Ulikuwa mkwaruzo laini, kama mtu anayeburura gunia la mchanga, halafu kimya, na usukani ukawa mzito mkononi. Tuliruka watu wazima wote kusukuma, matope yakatufika magotini, mashua haikusogea hata shibiri.

Tukapwelewa pale kutoka saa mbili asubuhi mpaka karibu na magharibi. Kaa walitoka mashimoni, matope yakaanza kunuka kwa jua, na jioni mbu wakashuka kama moshi. Kilichotunusuru ni mambo mawili: mitungi ya maji ilikuwa bado imejaa, na nilikuwa na magadi, yale magogo ya kuegemezea chombo. Tuliyakita ubavuni mapema, mashua ikabaki wima. Ingelala, maji ya kujaa yangeingia kabla haijainuka.

Kwa hiyo, ukipwelewa, fanya hivi. Sukuma kwa dakika chache za mwanzo tu, kisha acha, usiwachoshe watu. Wakati bado kuna maji ya kiunoni, mtu aichukue nanga kwa miguu mpaka kwenye kina na kuikita, ili mkielea mjivutie huko. Kita magadi. Tandika turubai juu ya foromali, ule mti unaobeba tanga, mpate kivuli. Asishuke mtu miguu mitupu, maana kwenye mikoko kuna chaza, na ganda la chaza hukata unyayo kama wembe. Baada ya hapo pikeni, mlale, msubiri. Tangu siku ile wageni wangu huwaambia jioni kabla ya safari, mmoja mmoja, saa ya kuondoka. Mahamri huliwa chomboni.

Sasa upepo. Kutoka Amu hadi Kiwayu ni kilomita kama 50 kwa mstari ulionyooka, na mstari huo unaelekea kaskazini mashariki. Wakati wa kaskazi, Disemba hadi Machi, upepo unakupiga usoni ukienda na mgongoni ukirudi. Wakati wa kusi, Aprili mpaka karibu Septemba, ni kinyume chake: unakwenda kwa raha, unarudi kwa bisho, yaani kwa kukabili upepo, na bahari ya nje ni chafu, Mei na Juni hasa. Mimi napenda kaskazi. Watu wakiwa na nguvu wanapiga bisho, na wakichoka mashua inawarudisha yenyewe, tanga limejaa. Wengine wanapenda matlai, Oktoba na Novemba, bahari ikiwa shwari na maji meupe mpaka unaiona nanga chini. Siwapingi, ila waende wakijua kwamba kuna siku tanga litaning'inia kama kanga kwenye kamba, na watashika upondo na makasia.

Nikija kwenye maji ya kunywa, hapa sina mjadala. Hesabu yangu ni lita 5 kwa kila kichwa kwa siku: tatu za kunywa, mbili za kupikia na kujisuuza. Watu tisa kwa siku sita ni lita 270, yaani mitungi 14 ya lita 20, nami naongeza miwili. Mitungi hukaa chini, kandokando ya mkuku, pamoja na mifuko ya mchanga, kwa hiyo ni farumi vilevile, uzito wa kukituliza chombo. Kila mtungi ukiisha naujaza maji ya bahari na kuurudisha palepale, mashua isiwe nyepesi. Naufunga utambaa mwekundu shingoni, mpishi asije akapikia chai.

Msitegemee kupata maji mbele. Ndau na Kiwayu watu wanaishi kwa majabia, yale mabirika makubwa ya kukingia mvua, na mvua ikikosekana jabia hubaki tope. Nimeona mgeni akiomba ndoo mbili za kuogea kwa mama mwenye nyumba, na yule mama, kwa heshima ya Kiswahili, akampa. Mgeni hakujua kwamba hayo ndiyo yaliyokuwa maji ya nyumba nzima ya siku ile. Siku hizi nikishuka Kiwayu napeleka mtungi mmoja kama zawadi, na nimeona unapokewa kwa furaha kuliko sukari.

Jiko ni sanduku la mbao lililojazwa mchanga, na juu yake jiko la makaa. Hukaa upande usio na upepo, nyuma ya mlingoti, na ndoo ya maji ya bahari haiondoki ubavuni pake. Makaa tunanunua Amu. Mikoko hatuikati, wala kavu yake hatuiokoti ovyo, maana wenyeji wana matumizi nayo. Tukiwa bishoni hatupiki chochote cha mafuta. Asubuhi kabla ya kutweka mpishi anapika sufuria ya wali wa nazi na kuifunga kwa blanketi ndani ya kikapu. Saa saba mchana bado una moto. Jioni tukishatia nanga ndipo samaki huchomwa. Mshipi mmoja hukokotwa nyuma siku nzima, na wakati wa kaskazi haukosi kolekole, ukijaliwa hata nguru. Ndimu chukueni nyingi kuliko mnavyodhani, 60 si nyingi: za samaki, za chai, za kusugua mikono iondoke shombo, na za kunyonya mtu akisikia kichefuchefu. Vitunguu na viazi viwekwe kwenye kikapu chenye hewa, kamwe si kwenye mfuko wa nailoni. Nazi zitoke na makumbi yake, zifuliwe humo humo chomboni.

Kichefuchefu hakina ubaharia. Nimeona vijana waliozaliwa Kizingitini, kijiji cha wavuvi kisiwani Pate, wakitapika siku ya kwanza ya msimu. Atakayejisikia vibaya akae nyuma karibu na usukani, atazame mbali pale mbingu inapokutana na maji, atafune tangawizi mbichi, na asiteremke ngamani kwa sababu yoyote ile. Mule kuna harufu ya sifa, yale mafuta ya samaki ya kupaka chombo, ya maji yaliyolala na ya kamba mbichi, na hata mzima ataugua. Dawa kubwa ni kumpa usukani. Aliyeshika usukani huwa anajua mashua itainukia wapi kabla haijainuka, na tumbo lake linatulia.

Choo kinawatia watu wasiwasi kuliko papa, kwa hiyo naeleza wazi. Nyuma kabisa kuna kisanduku cha mbao kinachoning'inia nje ya chombo, kimezungushiwa turubai hadi mabegani. Mtu akienda, wengine wote wanageukia mbele, na hapana mtu wa kuambiwa mara mbili. Usiku hakuna anayekwenda peke yake bila kumwamsha baharia wa zamu. Karatasi na vitambaa vya akina mama havitupwi baharini. Kuna ndoo yenye kifuniko, na inarudi Amu.

Kuoga ni kuruka baharini, kisha kopo moja la maji matamu la kujisuuza. Sabuni ya mche haitoi povu kwenye maji ya chumvi, chukueni sabuni ya maji, ile ya kuoshea vyombo. Kopo hilo moja msiliache. Ukilala na chumvi mwilini utaamka unajikuna, na umande wa usiku huilowesha chumvi hiyo ikawa kama gundi kwenye shuka. Umande wenyewe ni mzito: bila turubai, saa tisa usiku utadhani imenyesha. Nguo mbili za mikono mirefu, kikoi, kofia, na viatu vya plastiki vinatosha. Kila kitu cha umeme kiwe ndani ya ndoo inayofungwa.

Mashua ya mbao huvuja, na hilo lisimtishe mtu. Asubuhi na jioni tunafua maji, tunahesabu ndoo. Yangu ni ndoo nane kwa siku. Zikifika kumi na mbili najua kuna mshono uliofunguka. Nalala kifudifudi ngamani, nimezima tochi, nasikiliza. Uvujaji una sauti yake, kama mtu anayenyonya meno. Nikiupata napachika pamba iliyolowekwa sifa kwa patasi butu, taratibu, bila kupiga kwa nguvu, maana ubao wa zamani hupasuka. Beba pamba, chupa ya sifa na patasi hata kama mashua imetoka kwa fundi jana.

Juu ya chombo kuna amri moja. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama, na mahali pa kuyaona maneno hayo ni wakati wa kupindua tanga. Foromali inavushwa mbele ya mlingoti kutoka upande mmoja kwenda wa pili, na kwa pumzi chache tanga zima linapiga hewani bila mwenyewe. Kazi ya mgeni hapo ni kukaa chini, mikono ndani, na kutogusa kamba ambayo hajaambiwa aiguse. Demani, ile kamba ya kushikia tanga, ikikaza ghafla hukata vidole. Upepo ukizidi tunautoa ubao nje ya ubavu wa joshi, ule unakotoka upepo, na watu wawili wanakwenda kuukalia mwishoni, mashua isilale. Wageni hupenda sana kazi hiyo, nami nawapa, wakiwa wamevaa jaketi za kuokolea. Watoto hawazivui kuanzia nanga inapong'oka mpaka inapotiwa.

Kutia nanga ndiko kunakoamua kama utalala. Nina jiwe lililofungwa kwenye kamba yenye kifundo kila mita. Tuseme nimefika maji yakiwa yamepwa, jiwe linanipa mita 2. Siku za bamvua maji ya hapa hupanda karibu mita 3, kwa hiyo yakijaa nitakuwa juu ya mita 5. Kamba naitoa mara tano ya kina kile kikubwa, mita 25, na kabla ya hapo natazama duara hilo la mita 25 lisiwe na jiwe, chombo kingine, wala fungu. Chini pawe mchanga. Kwenye matumbawe nanga huvunja kilichochukua miaka mingi kuota, halafu inanasa usiweze kuitoa. Kisha nachagua vitu viwili nchi kavu, kimoja mbele ya kingine, mnazi na taa ya msikiti kwa mfano. Vikiachana kidogo si neno, chombo huzunguka na maji. Vikizidi kuachana kila nikitazama, nanga inakokota, na watu wote wataamshwa. Msitie nanga karibu na mikoko kwa ajili ya mbu; mita 200 za maji na upepo kidogo zinafaa kuliko dawa ya kujipaka. Taa moja nyeupe juu ya mlingoti usiku kucha, maana boti za injini hupita bila kutazama.

Njiani simameni. Takwa, upande wa Manda, mji uliohamwa tangu karne ya 17, unafikiwa kwa mkono wa maji kati ya mikoko, nao pia ni wa maji kujaa tu. Siyu kuna ngome, na Pate magofu ya Wanabahani, watawala wa zamani wa Pate, yamezungukwa na mashamba ya tumbaku. Mkishuka, anzeni kwa wazee barazani, salamu na habari za safari, mabega na magoti yamefunikwa. Kabla ya kupita Faza kwenda juu, ulizeni polisi na watu wa bandari hali ya usalama, na mkiambiwa mrudi, rudini. Kati ya Ndau na Kiwayu mlango uko wazi na mawimbi ya bahari kuu huingia. Hapo kila kitu kifungwe, hata sufuria. Kiwayu yenyewe imo ndani ya hifadhi ya bahari ya Kiunga, iliyotangazwa mwaka 1979, na kasa hupanda ufukweni kutaga. Usiku zimeni tochi. Nimekaa kimya saa nzima pale mchangani nikisikia mama kasa akichimba kwa mapezi ya nyuma, mchanga ukirushwa hatua tano kutoka kwangu, na pumzi yake ikitoka nzito kama ya mtu mzima aliyechoka.

Tukirudi Amu kazi haijaisha. Tanga linatandazwa gatini na kuoshwa kwa maji matamu kabla halijakunjwa, kwa sababu chumvi huvuta unyevu na uzi huoza kwenye mikunjo. Kamba zinasuuzwa na kuanikwa kivulini. Mchanga wa jiko unamwagwa, ngama inasuguliwa, mitungi inaachwa wazi ikiwa imepinduliwa. Ndoo ya taka inapelekwa jalalani na mimi mwenyewe. Kisha naifungua kalenda kuona tarehe nne ya mwezi ujao itaangukia siku gani, na nawapigia mabaharia wangu kuwaambia.